Choo cha Mgeni Rasmi

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Vyoo vipya vya shule vimekamilika. Vigae vyeupe mpaka usawa wa dirisha, masinki, mabomba yanayong'aa, milango inayofungwa kwa ndani. Mafundi wa shirika wamenikabidhi ufunguo mimi, mwalimu mkuu, mbele ya walimu wote. Nimepiga picha mbili: moja nacheka, nyingine nimekunja uso kama mtu wa ofisi ya elimu. Maana huko ndiko niendako. Mgeni rasmi anayekuja kuzindua ni mtu mwenye sauti kule juu. Akipendezwa, mwaka huu hauishi kabla sijakalia kiti cha kuzunguka.

Uzinduzi ulikuwa keshokutwa. Umesogezwa mbele wiki moja. Si neno. Nimetia kufuli, na juu ya kufuli utepe mwekundu. Haingii mtu mpaka mgeni aingie kwanza. Msaidizi wangu, ambaye watoto wanamwita Mama Sabuni kwa jinsi anavyowaandama na kipande cha sabuni, akauliza mbele ya watu kama watoto nao watasogeza haja zao mbele wiki moja. Walimu wakacheka. Nikamjibu kwamba hata nyumbani kwake kuna vikombe vya wageni. Akasema vipo, ila wanawe hawanywi kwa viganja. Mwanamke huyu anakitaka kiti changu. Namjua.

Jumatano, 5 Machi

Hujuma! Nyayo kwenye vigae! Kiatu cha mtu mzima. Nimewapanga walimu wanaume barazani, nikawaamuru wanyanyue miguu mmoja mmoja. Mwalimu wa hesabu akagoma. Akasema yeye si punda wa kukaguliwa kwato. Basi nikamshuku yeye, nikamfuata nyuma kutwa nzima. Mchana namwona mlinzi, niliyemweka mwenyewe alinde lile kufuli na ufunguo wake, anatoka ndani na gazeti kwapani, uso umemtulia. Kumuuliza, ati alikuwa anajaribu kama panamfaa mgeni. Akaongeza kwamba panamfaa sana.

Kumbe nilimkabidhi fisi bucha. Nimemnyang'anya ufunguo, nauvaa shingoni. Mke wangu ameuliza hirizi hiyo ni ya nini.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua usiku kucha. Choo cha zamani kimebonyea upande mmoja na uchafu unachuruzika nje. Watoto wadogo wanaogopa kuingia, wanakwenda nyuma ya darasa la tatu, mtaroni. Mama Sabuni kaingia ofisini bila hodi. Akaniambia nifungue vile vyoo. Nikamwambia watoto wavumilie, mgeni yu njiani. Akasema twende wote nikamfundishe mtoto wa miaka sita kuvumilia tumbo.

Nilikaa, nikafikiri. Mungu hamtupi mja wake. Wazo! Kinachotoka ni kile kilichoingia. Asiyekunywa maji hana safari ya chooni! Nimefunga koki kubwa ya bomba la uwanjani, nikatangaza mstarini kwamba bomba linatengenezwa na kila mtoto ajisaidie kwao kabla ya kuja shule. Kufika mchana foleni ya chooni imekatika kabisa. Hili hata vyuoni hawalifundishi.

Jumanne, 11 Machi

Mgeni amesogeza tena. Sasa ni Jumatatu ijayo. Na darasa la kwanza limebaki nusu. Wengine wanaharisha, ati. Mgeni akute madawati matupu? Nikachukua watoto wa darasa la pili wenye vimo vifupi nikawashusha la kwanza. La pili likapwaya. Nikashusha wa la tatu. Likapwaya la tatu. Nikashusha wa la nne. Mpaka kengele ya mwisho shule nzima imeteremka darasa, na la saba limebaki na mwalimu peke yake, anajifundisha.

Muuguzi wa zahanati naye kaja kuuliza watoto wanakunywa maji ya wapi. Nikamwambia ni msimu wa matunda mabichi, wanajishindilia tu. Akazungusha macho uwanjani, ambako hatuna mti hata mmoja wa matunda. Akasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamwambia hapa ni shule, methali tunazo za kutosha.

Alhamisi, 13 Machi

Kitindamimba wangu anaumwa. Yuko darasa la pili. Alianza jana jioni, na leo asubuhi hawezi kusimama. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, analia na machozi hayatoki. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, wao wakatukimbiza hospitali. Sindano ya dripu ilihangaika kuutafuta mshipa. Daktari akamuuliza maji ya kunywa shuleni anayapata wapi. Akasema mtaroni, nyuma ya darasa la tatu, wote wanakunywa pale kwa sababu bomba baba kalifunga. Alisema kwa sauti ndogo, wala hakuwa ananishtaki. Mke wangu akanitazama. Miaka yote namwomba huyu mwanamke apunguze maneno, leo yamemwishia, na mimi nikawa natamani anitukane.

Niliogopa. Naandika humu tu. Nilichuchumaa karibu na kitanda nikaapa kwamba mwanangu akipona nafungua vyoo vyote na koki yote, na ule utepe nitautafuna mbele ya shule nzima.

Ijumaa, 14 Machi

Amefumbua macho, ameomba maji, na hajayatapika. Daktari anasema hatari imepita. Nililia kama mtoto, sikujali nani ananiona.

Kitanda cha pili alilala binti wa fundi viatu, darasa la kwanza. Huyo alifariki alfajiri. Mama yake alikuwa amekaa pale pale, anakunja sare ya shule, anaikunjua, anaikunja tena. Nilikwenda kumpa pole. Macho yake yakawa kwenye ufunguo shingoni mwangu. Nikafunga kifungo cha shati.

Kuhusu kile kiapo changu, nimetafakari njiani. Nilisema akipona. Daktari kasema hatari imepita, hakusema amepona. Tusimtangulie daktari. Tena kufungua leo, mgeni Jumatatu, ni akili hiyo? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumatatu, 17 Machi

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Amekuja!

Kikwazo kimoja: maziko ya yule mtoto yalikuwa leo. Jana nilituma mtu kwa fundi viatu, kwa heshima zote, kumwomba asogeze siku moja tu, kwani mgeni mwenyewe amesogeza mara mbili na hatukununa. Fundi viatu alimfungia mjumbe mlango. Mama Sabuni akaondoka asubuhi na walimu karibu wote na madarasa matatu, bila ruhusa yangu. Mgeni akauliza wengine wako wapi. Nikasema wako kwenye somo la maadili, nje ya shule.

Akakata utepe. Akaingia. Akakawia. Akatoka, anataka kunawa. Bomba kavu! Ile koki! Nikakimbia ofisini, nikarudi na birika na beseni, nikammiminia mwenyewe nimeinama mpaka mgongo ukalia. Kumbe imekuwa heri. Amesema hajapata kumwona kiongozi mnyenyekevu namna hii. Amesema katika shule zote alizozunguka hajaona vyoo visafi kama hivi, na kwamba watoto waliovitunza wana malezi. Nikasema tunajitahidi. Wapiga picha wakanipiga nikiwa na birika.

Wakati gari lake linatoka getini, walimu walikuwa wanarudi na udongo kwenye viatu. Nikampungia Mama Sabuni mkono. Hakuitikia. Wivu.

Alhamisi, 20 Machi

Simu kutoka kule juu! Si cheo bado, lakini kinanukia. Shule yetu imekuwa mfano. Nitaitwa kuwafundisha walimu wakuu wenzangu jinsi ya kutunza vyoo, na mwezi ujao mgeni rasmi anarudi na wageni wenzake waje wajionee. Wameomba wavikute vilevile. Watavikuta! Kufuli limerudi mahali pake na utepe mpya nimeununua, mpana zaidi. Koki nimeifungua, asubuhi tu, asije mtu akasema sina utu.

Mama Sabuni ameomba uhamisho. Nimeshinda. Fundi viatu, nasikia, anapita kwa wazazi mmoja mmoja na jina langu mdomoni. Uchungu wa msiba huo, utapoa.

Kitindamimba wangu amerudi shuleni leo. Miguu bado inatetemeka. Wakati wa mapumziko akaja ofisini, akasimama mlangoni kwa adabu, mkono tumboni, akaniomba ufunguo. Nilimhurumia. Nikampapasa kichwa, nikamweleza kuhusu wageni, nikamwambia avumilie mpaka nyumbani.

Akasema nyumbani ni mbali, baba.

Nikamwambia basi akimbie.