Mkufunzi wa Mbizi wa Nyanda za Juu

Jumatatu, 2 Februari 1976

Nimerudi kutoka Kabwe, kule chini ziwani. Mgongo unauma. Lori la Huseni lina springi upande wa dereva tu.

Safari haikuwa bure. Nilikwenda kumsalimu shemeji Marselino, nikakuta injini ya boti imezama ziwani. Akaletwa mtu kutoka Kigoma, mtungi wa hewa mgongoni, miwani usoni. Akapiga mbizi, akafunga kamba huko chini, injini ikavutwa. Kila mtu akamwita Mkufunzi! Bwana Shamba akampisha kitini. Kiti chenye mikono! Akapewa na samaki, kuhe mzima, mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nimefundisha maisha yangu yote. Tangu nistaafu, kiti chenye mikono katika mikutano ya kijiji, kile cha pembeni mwa Mwenyekiti, hukaliwa na Polikarp, kwa kuwa anafundisha watu wazima. Polikarp! Nilimfundisha mimi. Alikuwa akila chaki. Mimi hukaa kwenye gogo, kati ya Bibi Hilaria, ambaye husinzia, na mbwa wa Mwenyekiti, ambaye hujikuna.

Nimeamua. Nitakuwa mkufunzi wa mbizi. Hakuna kijiji kinachoweza kumweka mkufunzi wa mbizi kwenye gogo.

Nimemweleza mke wangu, Bertilla. Akauliza ziwa liko wapi hapa juu. Nikamjibu kwamba ziwa ni hatua ya mwisho. Akasema, Baba Flavian, wewe huogopi ziwa tu, hata beseni unaliingia mguu mmoja mmoja. Hiyo ni tahadhari.

Jumanne, 3 Februari

Siku ya vifaa. Nimemwomba Huseni mpira wa ndani wa tairi la lori. Akaniamkia vizuri, kisha akauliza wa nini. Nikasema ni pafu. Akauliza pafu la nani. Akanipa wenye viraka, kwa sharti nisimtaje popote.

Nimeazima pia miwani ya pikipiki ya Padri. Padri bado hajajua kwamba ameniazima.

Kwa mrija wa kuvutia hewa nimechukua ule wa Bertilla wa kunywea pombe ya ulezi. Nikajaza mpira kwa pampu ya baiskeli, nikavuta pumzi. Hewa ina ladha ya lori. Nikaona nyota mchana. Bila shaka hivyo ndivyo inavyokuwa chini ya maji.

Jumatano, 4 Februari

Nimekwenda kwa Mwenyekiti Tadei kuomba darasa. Akauliza ni nani huku anayehitaji kupiga mbizi. Nikamwambia injini huzama. Akasema injini yetu ni ya mashine ya kusaga, nayo iko juu ya mwamba. Nikamuuliza kama anataka kijiji chake kiwe cha mwisho wilayani kwa mbizi. Akakuna kichwa. Tadei huogopa sana kuwa wa mwisho.

Amekubali. Darasa likidumu hadi mkutano wa Alhamisi ya wiki ijayo, na wanafunzi wakaonekana wanajua jambo, kiti ni changu. Ameahidi! Tena, kwa utaratibu wetu, aliye darasani husamehewa zamu ya shamba la kijiji saa hiyo. Polikarp hufundisha jioni, baada ya shamba. Mimi nimechagua asubuhi. Asubuhi mapafu ni mapya.

Alhamisi, 5 Februari

Somo la kwanza, uwanja wa mpira. Wanafunzi wachache, wengi wao akina mama wenye majembe. Nimewapanga mistari, wakalala kifudifudi kwenye nyasi na kupiga miguu. Bibi Hilaria alikaa chini ya maji bila kuibuka mpaka karibu na adhuhuri. Nilimsifu mbele ya wote kwa pumzi tulivu. Baadaye alipoamka alishukuru.

Wameomba masomo yawe marefu zaidi. Sijapata kuona kiu ya elimu namna hii. Nilifuta machozi kwa siri.

Jumamosi, 7 Februari

Kijiji kizima kimehudhuria! Hata Cornelia, mke wa Polikarp. Alilala mstari wa mbele kabisa, akipiga miguu kwa hasira, sijui alikuwa akimfikiria nani.

Polikarp mwenyewe alikuja, akasimama mikono mfukoni. Akauliza kwa sauti kubwa kama Mwalimu amewahi kuingia majini. Nikamjibu kwamba Padri hufundisha habari za mbinguni na hajafika. Darasa likacheka, likameza nyasi. Polikarp akaondoka. Ushindi!

Jioni nilikipima kiti kwa macho. Kitanitosha.

Jumapili, 8 Februari

Mambo mawili mabaya kanisani. Kwanza, Padri alitangaza kwamba miwani yake imepotea. Niliimba kwa nguvu zaidi.

Pili, baada ya Misa, Tadei alinishika mkono. Ulezi wa kijiji umemezwa na magugu. Jana kwenye palizi walikuwa yeye na mbwa wake tu, na mbwa alitoroka. Nikamwambia mbwa pia anakaribishwa darasani. Hakucheka.

Hapo akatokea Polikarp, na heshima zake za uongo. Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu. Akapendekeza wanafunzi wapimwe katika maji yenyewe. Maji ya kina tunayo mahali pamoja tu: josho la ng'ombe. Mfereji mrefu wa saruji, dawa ya kupe hadi juu ya kichwa cha dume. Tadei akaafiki papo hapo. Jumanne asubuhi, kabla ng'ombe hawajaletwa. Na Mkufunzi ataanza, ili wengine waige.

Nikasema vyema. Sauti ilitoka nyembamba.

Jumanne, 10 Februari

Naandika nikiwa nimesimama. Nguo zote ziko nje, kwa amri ya Bertilla.

Watu walijaa ukingoni. Mpira niliufunga mgongoni kwa kamba ya katani, ukiwa umejaa hewa kwelikweli, kwa usalama. Miwani usoni. Padri alikuwepo. Padri aliitambua. Ikabidi niruke upesi.

Mbizi haikukubali! Mpira ulinipeleka juu kila nilipojaribu kwenda chini. Nikaelea chali, miguu hewani, kama mende. Bibi Hilaria akauliza kama hilo ni somo jipya. Polikarp akapiga makofi polepole. Nikatangaza kwamba hii ni mbizi ya juu, hutangulia ile ya chini.

Oswaldi, msimamizi wa josho, ni mtu wa ratiba. Saa ya ng'ombe ilipofika akafungua lango. Nilipaza sauti kwamba Mkufunzi yumo ndani. Akajibu, Mwalimu, saa ni saa, ndivyo ulivyotufundisha. Ndivyo nilivyowafundisha.

Dume la Tadei liliruka la kwanza. Pembe ikaingia kwenye mpira. Mlio ule ulisikika hadi kijiji cha Mpui! Hapo nikazama. Naandika kwa fahari: nilizama sawasawa, nikagusa sakafu, nikaibuka nimeshika mkia. Ng'ombe akanivuta hadi ngazi ya kutokea, tukapanda pamoja.

Nikataka kutoka kwenye zizi la kukaukia. Oswaldi akakataa. Kilichooga hakitoki mpaka kikauke, maandishi yako ukutani. Niliyasoma. Hayakuwa na kasoro. Nikabaki. Kundi lote lilipitia pale, nami katikati, likinilamba shingo. Bertilla aliniletea uji, akaupitisha kati ya miti ya zizi. Akasema angalau mwaka huu sitakuwa na kupe.

Alhamisi, 12 Februari

Mkutano. Tadei amevunja darasa. Kesho wanafunzi wote shambani, mimi mbele yao na jembe. Jioni nitahudhuria kwa Polikarp, kama mfano kwa wengine. Somo la wiki hii ni matumizi salama ya dawa za mifugo.

Bibi Hilaria peke yake alinitetea. Alisema hajawahi kulala vizuri hivyo katika shule yoyote. Alisema hayo akiwa mbali, ameziba pua kwa kanga.

Polikarp alikaa kitini, mikono juu ya mikono ya kiti. Lakini nimegundua jambo. Kwa sababu ya harufu, hakuna aliyekaa karibu nami. Hata mbwa alihama. Gogo lote lilikuwa langu! Nilinyoosha miguu kuliko yeye.

Hapo, peke yangu gogoni, nikaliona kosa langu. Nilichagua kina. Ufipa haina kina. Ufipa ina kimo! Ardhi inakatika ghafla pale ukingoni, na chini kabisa, bondeni, kiko kijiji cha Ilemba. Redio ya Huseni jana ilitaja askari wanaoruka na miavuli. Mkufunzi wao hupigiwa saluti, na kushuka hakuhitaji kujua kuogelea.

Nilipofika nyumbani nilizitazama shuka kwenye kamba. Bertilla akanitazama mimi. Ameanua zote, mbichi.

Si kitu. Padri ana joho la Pasaka, pana sana. Bado hajajua kwamba ataniazima.