Mfuko wa Bluu wa Bi Sentimita

Jumatatu, 4 Machi
Mama anasafiri Jumapili! Anakwenda kumwona mama mkubwa, dada yake, baada ya miaka sita. Mfuko wake umechanika kitako. Kaka akasema mkewe atamshonea mwingine. Mkewe ndiye wifi yangu, mwalimu wa hesabu, mtu wa kupima kila kitu mpaka unene wa mkate. Humwita Bi Sentimita, moyoni tu. Kabla wifi hajameza chai yake nikadakia kwamba nitaushona mimi. Kaka akauliza nitaushona kwa nini, kwa meno? Mama akacheka, kisha akasema haya, ila usipokuwa tayari Jumamosi atachukua ule wa bluu wa mkwe wake, uliomo kabatini. Thubutu! Begani kwa mama utakaa mfuko wa mwanawe wa kumzaa. Kwani mfuko una nini? Pande mbili na mdomo.

Jumanne, 5 Machi
Wifi kaenda shule, cherehani iko huru. Nimetandaza kitambaa juu ya kitanda cha mama, nikakata. Mkasi mkali ajabu. Kuinua kitambaa, na shuka limekatika! Vipimo sawasawa kabisa, lazima nijisifu. Nimeligeuza, tundu likae miguuni. Halafu nikashona pande zote nne bila kupumzika. Nilipotaka kuugeuza mfuko, sikuona pa kutia mkono. Mishikio imebaki ndani, mdomo umefungwa. Sikushona mfuko, nimeshona mto. Nimeuficha nyuma ya ndoo.

Jumatano, 6 Machi
Mama kaamka akilalamika kwamba kidole gumba cha mguu kimenasa usiku kucha. Nikasema ni uzee. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi nikamwuliza wifi, kwa niaba ya rafiki yangu fulani, mishikio huwekwaje. Akachukua penseli akanichorea. Inalala kwa ndani, kichwa chini, ukigeuza mfuko inasimama. Alieleza taratibu, bila kuringa hata kidogo. Inaudhi! Nikasema rafiki yangu atashukuru. Akasema nimwambie rafiki yangu pia aache mdomo wazi. Kumbe kafika kwenye ndoo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata akili. Kwa nini niulize wakati mfuko wenyewe upo? Wifi kutoka tu, nikautoa ule wa bluu kabatini, nikachukua wembe, nikaufumua nione ulivyoshonwa.

Jamani! Nimekaa sakafuni mdomo wazi. Ndani ni safi kuliko nje. Hakuna uzi unaoning'inia, kila pindo limefichwa, mishono yote imelingana. Pembe za chini amezikunja akazishona ili mfuko ukae wima. Mishikio ameifunga kwa mraba wenye msalaba katikati, na nyuma yake kaweka kiraka kidogo cha kuongeza nguvu, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Nani anahangaika hivyo? Miaka tisa nimekaa naye nyumba moja nikidhani ni mtu wa kupima tu. Nimempenda, potelea mbali, naandika.

Kisha nikahesabu. Vipande kumi na kimoja. Nikajaribu kuvirudisha, nikapata kitu kama suruali, na kipande kimoja kikabaki. Jumatatu mama alikuwa na mfuko mmoja wa uhakika. Leo hana hata mmoja.

Ijumaa, 8 Machi
Mpango ulikuwa kusema jirani ameuazima. Njia ya mwongo ni fupi, yangu haikufika hata barazani. Mama alitaka kuujaribu ule wa bluu begani, endapo wangu utachelewa. Wifi akaenda kabatini, mimi nyuma yake nikikohoa. Hakuna mfuko. Akaliangalia kabati, akaniangalia mimi, akaangalia nyuzi za bluu kwenye sketi yangu. Nikajua leo nimepatikana. Akageuka akamwambia mama, mbele ya kaka, kwamba ameufumua mwenyewe ili aukaze mishikio.

Nilikwenda jikoni kulia. Kaka alipoingia nikasema ni vitunguu. Akauliza viko wapi.

Jumamosi, 9 Machi
Tumekaa kwenye cherehani tangu asubuhi. Hakunigombeza. Alisema mtu anayefumua mfuko mzima bila kuchana kitambaa ana mkono mzuri, kilichobaki ni kichwa. Yeye alishona, mimi nilishika. Kitambaa kinamfuata mtu yule kama kinaitwa! Mwisho akanipa mshikio mmoja niushone. Mraba na msalaba. Akaufumua mara tatu bila kuguna. Mara ya nne akautazama sana, akaupima, akauacha.

Jumapili, 10 Machi
Mama ameondoka. Mlangoni alipitisha kidole juu ya mishikio, akafika kwenye wangu, akasimama. Akauliza huu mbona umekwenda upande? Wifi akajibu upesi: “Huo kashona mwanao, mama.” Mama aliugeuza mfuko, akautia begani, mshikio wangu ukakaa upande wa nje. Nimeapa: sitagusa tena kitu cha wifi bila ruhusa. Nimepigia mstari.

Jumanne, 12 Machi
Simu kutoka kwa mama! Mama mkubwa ameupenda mfuko, anauliza kama nami naweza kumshonea wake. Nikamwambia mfuko ni kazi ya watoto, nitamshonea koti. Lenye bitana. Litakuwa tayari Ijumaa.

Wifi ana koti moja tu, linaning'inia nyuma ya mlango. Atarudi saa kumi, na sasa ni saa tano. Nimefumua mkono mmoja tu, wa kushoto, ambao hautumii sana. Ndani ni maajabu matupu! Yule mwanamke ni fundi.