Jenerali Tufani Dhidi ya Mfalme Pengo

Jumatatu, 13 Mei

Siku ya kihistoria! Meneja ametangaza kwamba kiwanda chetu cha uchapaji kinatimiza miaka ishirini, kwa hiyo kitachapa kitabu kimoja cha hadithi iliyotungwa na mfanyakazi. Anayetaka asome yake wakati wa mapumziko ya mchana. Ijumaa tunapiga kura.

Nani mwingine kama si mimi? Mimi ndiye msahihishaji. Miaka kumi na saba naokota herufi zilizoanguka kwenye vitabu vya wenzangu. Na riwaya za majeshi na falme nimezila zote, zile nene kama tofali, zenye ramani mwanzoni na orodha ya wafalme mwishoni. Ukishazizoea hizo, maisha ya kawaida ni chai bila sukari. Mle ndani mtu anapuliza baragumu, watu elfu arobaini wanasimama wima. Mimi hapa nikiomba kalamu nyekundu, hakuna anayegeuka.

Yangu iko tayari kichwani. Shujaa ni Jenerali Tufani: mrefu, sauti nzito, akili ya ajabu. (Nimemchora kwa kutazama kioo, lakini hilo libaki humu.) Adui ni Mfalme Pengo, mnyang'anyi wa falme, mwenye mwanya unaopitisha upepo. Huyu nimemtoa kwa fundi wa mashine ya kukata karatasi. Ana mwanya, ana kicheko cha kupasua masikio, na mwaka jana walimchagua yeye kuwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, wakaniacha mimi. Wiki hii wote watamcheka. Kivita tunaita kumvunjia adui heshima kabla ya mapambano.

Jumanne, 14 Mei

Nimesoma sura ya kwanza. Chumba cha chakula kilijaa, wengine walikalia marobota ya karatasi. Nilianza na hotuba ya Jenerali Tufani kwa askari wake. Kurasa sita. Mpanga kurasa alisinzia, kijiko kikiwa mdomoni.

Kisha akaingia Mfalme Pengo juu ya joka lenye mabawa, akacheka mpaka madirisha ya ngome yakapasuka. Watu wakazinduka! Wakapiga meza! Dada wa mapokezi akauliza kama huyo mfalme ana mke.

Nikangoja fundi akasirike. Wapi! Alinifuata, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hajawahi kuandikwa mahali popote isipokuwa kwenye daftari la mahudhurio. Alasiri yote wanamwita Mtukufu. Na anaitika!

Jumatano, 15 Mei

Nimemuua.

Ukurasa wa pili tu, sikutaka kuremba. Jenerali Tufani karusha mkuki, joka chini, mfalme chini, kwisha habari. Nikainua kichwa nipokee makofi. Kimya. Nilidhani wamepigwa na butwaa kwa ufundi wangu. Kumbe ni msiba.

Dada wa mapokezi alikuwa analia, machozi ya kweli. Akaniambia, "Kutwa nzima napokea simu za watu wenye hasira. Jana nilirudi mezani kwangu najiona mlinzi wa lango la Mfalme Pengo. Hata simu nilikuwa nazipokea kwa amri. Leo unanirudisha nilikotoka?"

Wenzake wakampa fundi pole. Mtu mzima wa afya, anatafuna mkate wake, anapewa pole! Naye anazipokea kwa unyonge, mkono kifuani.

Meneja akaniita pembeni. Kasema dereva wa lori amesoma hadithi ya mbuzi aliyepanda lifti, kurasa nne tu, na imependwa sana. Nishindwe na mbuzi!

Alhamisi, 16 Mei

Mbinu mpya. Nimewatangazia kwamba Mfalme Pengo hakufa, alizimia. Vifijo! Fundi alisimama akapunga mkono kama aliyetoka hospitali. Sura ya mwisho nimeahidi kesho.

Tatizo: sina sura ya mwisho. Jioni nikampa mke wangu daftari lote. Yeye ni mtunza ghala wa hospitali, hana habari na mambo ya vita, ila nilihitaji mtu wa kunisifu kidogo. Akasoma huku akimenya viazi. Akauliza, "Hawa watu elfu arobaini wanakunywa nini?" Nikamjibu kwamba wanakunywa ghadhabu. Akauliza na nyumbu wa mizigo je? Akauliza jeshi lina jozi ngapi za viatu, na nani anabeba bandeji, kwa sababu yeye amewahi kuona wodi iliyoishiwa bandeji, na mle hakuna hotuba inayosaidia.

Nikachukia. Akafuta mikono, akachukua penseli, akaniambia niende nikachore ramani yangu. Nikaenda. Milima imetoka vizuri sana.

Kusoma ni kesho mchana. Nina wasiwasi kidogo tu. Niliporudi nikakuta kurasa kumi na moja ameandika! Sina haja ya kuzipitia, nitazisoma kama zangu. Jenerali hutumia silaha iliyo karibu.

Ijumaa, 17 Mei

Niandike haraka kabla aibu haijapoa.

Mwanzo ulikuwa ushindi mtupu. Katika sura ya mke wangu, jeshi la Jenerali Tufani limenasa kwenye bonde kavu, kwa kuwa jenerali aliyakumbuka mabaragumu akasahau maji. (Sikulipenda hilo, lakini nilikuwa nimeshalisoma.) Askari wanalamba umande kwenye ngao. Mfalme Pengo yuko juu ya kilima, anaweza kuwamaliza wote. Badala yake anateremka na nyumbu mia tatu waliobeba maji. Hawezi kuvumilia kusikia wanyama wakilia kiu, anasema, na hao watu nao wanywe, kisha waende makwao.

Hakuna aliyetafuna. Nikakaza sauti kwa ajili ya mwisho: "Askari wa mwisho akakinga viganja, akanywa, akavua viatu vyake, akakumbuka sauti ya mama yake akimwita. Hapa punguza makelele, mume wangu, hao si viziwi."

Nilisoma yote. Kwa sauti nzito.

Nikawahi kusema ni malkia anamwambia Jenerali. Dada wa mapokezi akauliza malkia gani. Nikageuza ukurasa nimtafute huyo malkia. Palikuwa pameandikwa, nami nikasoma kwa sauti ile ile: "Ukirudi, pitia sabuni."

Kicheko cha fundi kilitikisa vioo. Si kwenye hadithi, hapa hapa chumbani.

Kura: ishirini na sita zetu, mbuzi tisa. Meneja akampigia simu mke wangu akiwa ghalani. Kitabu kitachapwa. Jina lake juu, langu chini, kwa herufi ndogo. Kwenye jalada, fundi amekaa juu ya joka.

Jumapili, 19 Mei

Mke wangu hajanuna. Kasema kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza neno zaidi ya boksi zimebaki ngapi, na jioni ile aliyashika maji ya watu elfu arobaini mkononi mwake. Ila kasema pia ningemwambia tu nataka kuzisoma kama zangu, angefuta habari za sabuni.

Nilihisi kitu kizito kifuani. Nimekunywa dawa ya kiungulia.

Jumatatu, 20 Mei

Majalada yametoka. Niliyapitia mara tatu kabla hayajaenda mashineni, jicho langu likiwa kwenye lile joka, kwa sababu mabawa yalitaka kukosewa. Mabawa yako sawasawa. Jina langu limekosewa. Mke wangu ndiye aliyeliona.

Haidhuru. Nimeshaanza juzuu la pili, kwa siri kubwa. Sasa nimeelewa kosa langu: adui alikuwa na kicheko kizuri. Safari hii ni Malkia Hesabu, mwanamke baridi mwenye penseli nyuma ya sikio, anayejua idadi ya kila kitu katika ufalme na kumwuliza kila shujaa maswali ya viatu. Watu watamchukia kuanzia ukurasa wa kwanza.

Jenerali Tufani anafungua na hotuba. Kurasa kumi na nne.