Picha Inaoshwa, Mwalimu Anaoshwa

Alhamisi, 3 Agosti 1967. Migori.

Kifua kibaya tangu alfajiri. Damu kidogo kwenye leso. Nimeificha chini ya godoro Mong'ina, mke wa mwanangu, asiione, ingawa ni yeye anayezifua.

Mchungaji Mokaya amekuja. Amesema siku zangu si nyingi, niandike kila siku lililo moyoni, kama kuungama. Nimekubali. Naanza hivi: Monari ni mwizi. Nilimfundisha Kiswahili darasani na kamera baada ya darasa. Akaenda Homa Bay, akafungua studio yenye pazia lililochorwa ndege, na leo watu wakinitambulisha husema huyu ndiye mwalimu wa Monari. Mchungaji amenikumbusha kwamba mtu huungama dhambi zake mwenyewe. Tutafika huko.

Jambo kubwa: barua kutoka Nairobi. Waandaaji wa maonyesho wanataka picha moja tu kutoka pande zetu. Itundikwe kwanza ukumbini Homa Bay, halafu ivuke hadi Uholanzi. Mada ni Safari ya Mwisho. Monari naye ameandikiwa. Picha yangu iliwahi kwenda Ulaya, ile ya samaki waliokaushwa Karungu. Waliitundika chini juu, wakaisifu hivyo hivyo. Sasa nafasi ya pili, na najua hakuna ya tatu. Ukuta ni mmoja. Jina langu, au la Monari.

Ijumaa, 4 Agosti.

Sina nguvu za kufuata mazishi ya watu. Kilima kimoja kinanimaliza. Nikinywa uji nimepata jibu: mazishi yaje kwangu. Nitajipiga picha ndani ya jeneza. Monari atampata wapi maiti anayejipangia mwanga?

Nimemwita Gisiri, fundi seremala. Ametoa kamba ya kupimia, akauliza marehemu ni nani. Nimemwambia ni mimi. Hakushtuka. Ameuliza tu kama nitalifuata jeneza mwenyewe au niletewe. Alipopima kifua ameniomba niache kuvuta pumzi, maana huko sitaivuta. Sijui kama alikuwa akitania.

Mong'ina ameniwekea chakula mlangoni. Amevaa gauni jipya la buluu. Ameomba nimpige picha ampelekee mama yake. Nimemwambia mwanga ni hafifu. Ilikuwa saa nne, jua kali. Akasema, "Haya, Tata," yaani baba, akachukua bakuli akaenda zake.

Jumapili, 6 Agosti.

Jeneza limefika. Mong'ina amekataa lisiingie ndani. Anasema jeneza tupu likiingia nyumbani hutafuta wa kulala. Limewekwa nyuma, karibu na banda la kuku. Kuku mmoja ameshataga ndani yake.

Mchungaji ameliona. Kisha ameuliza kama nimeungama. Nimemsomea ukurasa wa Alhamisi. Ameuliza picha ya marehemu mke wangu iko wapi, aitazame. Haipo. Bathsheba aliniomba picha maisha yetu yote, na kila alipoomba mwanga ulikuwa hafifu. Nimepiga wajane wa Kendu, ng'ombe wa Ndhiwa, hata mvua ya mawe ya Oyugis. Mchungaji amesema kwa upole kwamba hilo ndilo la kuandika. Basi nimeliandika. Sioni linahusianaje na maonyesho.

Jumatatu, 7 Agosti.

Kazi imeanza. Kamera ina kijiti cha kujifyatua yenyewe, lakini hufyatuka kabla mtu wa umri wangu hajamaliza kuinama. Mara ya kwanza imepiga mgongo wangu. Mara ya pili nimeangukia ndani kifudifudi. Hayo si mazishi, ni ajali.

Nimemwita Mong'ina abonyeze. Kuniona nimelala chali, akageuka upande wa pili. Kwetu Wagusii mke wa mwana hamtazami baba mkwe aliyelala. Ni aibu, hata akiwa amelala kwa ajili ya sanaa. Nimemweleza habari za Uholanzi. Amesema hao Waholanzi hawatakuja kumtetea kwa mama yake mkubwa. Mwishowe amekubali kubonyeza akiwa amenipa mgongo, mkono nyuma, kama mtu anayepapasa chumvi gizani. Tumemaliza filamu nzima hivyo.

Dawa yangu ya kuoshea picha imeharibika, rangi yake kama chai ya jana. Mwenye dawa nzuri ni Monari peke yake. Nimemeza kiburi. Nimemtuma Maurice, kondakta wa basi la Homa Bay, na nimemkaririsha maneno: dawa imekataa, picha ya Mwalimu inaoshwa Jumatano, Monari aje haraka na nyingine. Maurice amesema hakuna shida. Naye nilimfundisha. Ngeli hazikumwingia kamwe. Kwake mtu, meza na mvua ni kitu kimoja: anakuja, anavunjika, ananyesha.

Jumatano, 9 Agosti.



Nikimngoja Monari nikaona mwanga umekuwa mzuri kuliko wa juzi. Nikaingia jenezani kujaribu mkao. Joto, kimya, harufu ya mbao mpya. Usingizi ukanichukua.

Nimeamshwa na vilio. Nilidhani ni ndoto, kwamba tuko tena kwenye mazishi ya Bathsheba. Nikafungua jicho moja. Wanawake wa kanisa la Homa Bay wamenizunguka, mikono kichwani. Katikati yao Monari, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kamera. Alikuwa akilia kweli. Sikulitarajia hilo. Hata hivyo kamera haikuacha kazi.

Mama mmoja, Mellen, alikuwa akimsimulia mwenzake: ndivyo alivyosema Maurice, dawa imekataa, Mwalimu anaoshwa Jumatano.

Ningenyamaza, mambo yangeisha kwa heshima. Lakini neno lile lilinichoma kama mwiba. Nikaketi, nikainua kidole, nikamsahihisha. Inaoshwa. Picha inaoshwa.

Banda la kuku halipo tena. Mellen amepatikana karibu na mto, kiatu kimoja. Monari hakukimbia. Alibonyeza kwanza, ndipo akaketi chini na kusema, "Mwalimu, umeniua." Ameuliza kwa nini sikumwambia kwamba nimedhoofika hivi. Nimemuuliza lenzi yake ni ya aina gani.

Ameondoka na filamu yangu akaioshe. Ameibeba kwa mikono miwili.

Jumapili, 27 Agosti. Homa Bay.

Mchungaji amenileta kwa gari lake, nimezungushiwa mablanketi kama mtungi wa maziwa.

Filamu yangu ilikuwa kuku watupu. Mong'ina aliisukuma kamera kwa kiwiko tangu picha ya kwanza. Katika moja tu, pembeni, kuna kidole changu cha mguu. Monari amenikabidhi picha hizo bila kucheka, akasema jogoo ametoka vizuri.

Yake iko ukutani. Mimi jenezani, kidole juu, mdomo wazi, na wanawake wakitawanyika kama shomoro waliotupiwa jiwe. Wameiita Ufufuo. Ndiyo inayokwenda Uholanzi. Chini yake jina la Monari. Chini zaidi, kwa herufi ndogo: Ndani ya jeneza ni mwalimu wake.

Watu wamenigusa kuhakikisha. Karani mmoja ameuliza kama huko nilikotoka kuna baridi. Monari amesimama mbele ya wote, akasema kila anachokijua kuhusu mwanga alikipata kwangu. Wakapiga makofi. Nilitaka kusema neno, nikakohoa, leso ikawa nyekundu. Amenipa yake. Kisha ameomba anipige picha moja pamoja na Mong'ina, ibaki nyumbani. Amesema kwa sauti ya chini, "Sasa hivi, Mwalimu, ukiwa umeketi hivi."

Nimekataa. Hatapata picha ya pili kutoka kwangu.

Jumanne, 29 Agosti. Migori.

Mganga wa zahanati amekuja. Ameongea na Mong'ina nje, hakuongea nami. Nimeelewa.

Baadaye Mong'ina amenisogezea kiti dirishani, akaniwekea kamera magotini. Amerudi mlangoni na kusimama pale, amevaa lile gauni la buluu. Macho yake mekundu. Amesema, "Tata, leo tu."

Nimemtazama kupitia lenzi. Naungama: mwanga ulimwangukia shavuni vizuri kuliko wowote nilioupata maishani. Lakini filamu yangu ya mwisho ilikuwa imebakiza picha moja.

Nimemwambia mwanga ni hafifu. Amwite Gisiri aje atoboe tundu kwenye kifuniko cha jeneza, ukubwa wa lenzi. Nitaipiga kutoka ndani, waombolezaji wakinichungulia, Monari akiwa mbele yao na machozi yake. Kwa picha hiyo hawezi kunishinda, hata aende wapi.

Limebaki jambo moja dogo, nani ataitoa filamu.