Babu Aliyekwama Ghalani

Leo nimeaibika, jamani, tena aibu yenyewe nimeirekodi kwa simu yangu.

Mnajua nafundisha historia hapa Kitale. Wiki nzima nimewaimbia wanafunzi kwamba historia yetu haikuanzia vitabuni, iko midomoni mwa wazee. Basi leo baada ya kanisa nikaenda Kabuchai na mwalimu mwenzangu, Madam Jerop, kumrekodi Kukhu Namalwa. Huyu ni nyanya aliyepita miaka tisini, na anasifika kijijini kote kwa masimulizi ya kale.

Tukapewa chai na viazi vitamu. Majirani wakajaa sebuleni. Nikawasha simu.

Kukhu akaanza. Zamani sana maadui walikuja kuiba ng'ombe. Wanaume wote wakashika mikuki. Mmoja tu, Makokha, akaruka ndani ya ghala la wimbi! Akakaa humo siku tatu akitafuna wimbi mbichi. Vita vikaisha. Kutoka sasa, tumbo limefura, mlango haumtoshi!

"Wakafanya nini, Kukhu?"

"Wanawake walimvuta na miguu. Na wimbo juu."

Bana, nilicheka mpaka chai ikanitokea puani (mtu mzima, na tai shingoni). "Huyo alikuwa bure kabisa!" nikasema. "Ukoo kama huo mimi siwezi kuoa huko!"

Nikaona majirani wanatazamana. Hapo ningenyamaza. Lakini mimi si mtafiti? Nikataka ushahidi.

"Kukhu, tutajuaje ni kweli? Aliacha watoto?"

"Aliacha, mwarimu." Akahesabu kwa vidole. "Makokha alizaa Wechuli. Wechuli akazaa Wasike. Wasike akazaa Barasa, yule alihamia Kiminini akawa fundi wa baiskeli."

Kicheko kikanikauka. Babu yangu aliitwa Barasa. Alikuwa fundi wa baiskeli. Kiminini.

"Huyo Barasa," nikauliza kwa sauti ya mbu, "alikuwa anachechemea?"

"Mguu wa kushoto. Na wewe ni mjukuu wake. Nilikujua ukiingia tu kwa mlango."

"Ulinijuaje, Kukhu?"

Akanitazama kuanzia tai kushuka chini. "Si hiyo tumbo ni ile ile? Na umemaliza sahani mbili ya viazi."

Nyumba ikalipuka kwa vicheko! Mama mmoja akaanza ule wimbo wa kumvuta Makokha. Kumbe bado wanaujua! Wote wakaitikia, wakipiga makofi, na mama wawili wakanishika miguu kuonyesha ilivyokuwa. Madam Jerop hakunisaidia. Alikuwa anachukua video.

Nimefika nyumbani nikakuta video iko kwa grupu ya walimu. Mwalimu mkuu ameweka vikatuni saba vya kucheka, na huyo huwa hata salamu hajibu.

Kesho asubuhi nina kidato cha tatu. Mada ni mashujaa wa jamii zetu. Tafadhalini, asicheke mtu.