Boriti ya Juu ya Meko

Jumatatu, 3 Machi
Kampuni ya bia inayomiliki baa zetu yasema wanywaji wa kijiji hiki hawatoshi baa mbili. Itabaki ile kongwe zaidi, nyingine igeuzwe nyumba za kupanga. Yaani ama baa yangu, Farasi Mweupe, ama ile ya Doreen Ludlam hapo ng'ambo ya barabara. Ijumaa anakuja mtaalamu wa majengo ya kale. Nimezaliwa juu ya baa hii, sina pengine pa kwenda! Lakini mimi, Clive Thackray, si mtu wa kukata tamaa.

Jumanne, 4 Machi
Nimeing'oa boriti ya juu ya meko. Aibu tupu! Imepinda, imeungua, na walevi wameichorachora viduara. Nimeweka mpya ya mwaloni, nikachonga kwa mkono wangu: MFALME ALILALA HAPA, 1490. Mfalme yupi? Watajaza wenyewe. Doreen alipita akaomba lile gogo bovu. Nikamwambia chukua, jirani, ukachemshie chai. Alicheka mpaka akashika mbavu. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 7 Machi
Sielewi kabisa. Mtaalamu, Bi Pargeter, kainusa boriti yangu, kauliza mbona inanuka vanishi. Nikamjibu wafalme walipenda usafi. Nikamwapia ni ile ile tangu enzi hizo. Akavuka barabara. Mara nikasikia shangwe, nikakimbia. Gogo langu, juu ya meko ya Doreen! Bi Pargeter alikuwa akipapasa vile viduara, machozi yakimlengalenga. Wazee walivichora, kasema, wachawi wasishuke kupitia dohani. Na zile alama za moto ni kinga nyumba isiungue. Yaani waliichoma ili isiungue? Kichwa kinaniuma. Doreen akasema babu yake aliikuta pale pale. Nikapiga kelele kuwa ni yangu! Bi Pargeter akauliza, je, si nimemwapia yangu ni ile ya mfalme? Doreen akanimiminia bia, akasema pole jirani, kunywa tu.

Jumatatu, 17 Machi
Farasi Mweupe imefungwa. Nimelia, sifichi. Doreen kanipa chumba cha juu na kazi ya kuosha glasi. Ana roho nzuri, ila jicho la biashara hana. Jiwe la mlangoni kwake limelika katikati kama sahani, kwa nyayo za watu wa karne na karne. Wageni watatuonaje? Nimeshaazima nyundo. Kesho kabla hajaamka nalivunja, namwekea simenti safi. Atafurahi huyo!