Mhojiwa Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Juni
Orodha ya wahitimu inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Tasnifu yangu inauliza kwa nini wateja hawamwachi fundi cherehani anayewachelewesha. Nilitakiwa kuhoji wateja sitini. Nimehoji sifuri. Mama ameshashona gauni la mahafali yangu na kuwatangazia ndugu wa pande zote mbili. Basi leo nimekaa kitandani na kalamu nne, nikajaza hojaji zote sitini mwenyewe. Kuanzia ya arobaini nilitumia mkono wa kushoto. Kazi safi.

Jumanne, 4 Juni
Msomi, tunayeishi naye chumba kimoja, amerudi na hojaji zake sitini za kweli. Zimekunjamana, moja ina alama ya kiatu. Anasema watu wamemchosha. Nikampa pole. Zangu hazina hata kikunjo, jambo lililonitia wasiwasi, kwa hiyo nikazimwagia chai. Nyingi mno. Nimeshinda nikizianika dirishani.

Alhamisi, 6 Juni
Msimamizi wangu amezisoma zote. Namba 14 imemgusa. Huyo ndiye niliyemwandikia kwamba fundi aliharibu nguo ya harusi, naye akarudi kwa fundi yuleyule kwa sababu alimwona fundi huyo analia. Nilikuwa nimekolea. Msimamizi anasema hajawahi kuona jibu kama hilo, na anataka kumwona mhojiwa huyo ofisini Jumatatu. Nikasema hakuna shida. Mdomo wangu huu.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwomba shangazi awe namba 14. Akauliza kama ni dhambi. Nikamwambia ni takwimu. Akakubali. Tumefanya mazoezi mara tatu. Analia vizuri kuliko nilivyotarajia.

Jumatatu, 10 Juni
Shangazi alifika ofisini kabla yangu. Akasimulia gauni la harusi, akalia, msimamizi akampa leso. Nikaanza kupumua. Ndipo msimamizi akaifungua hojaji na kutusomea taratibu: namba 14, mwanamume, miaka hamsini na miwili, kinyozi.

Shangazi akafuta machozi. Akasema yeye ameletwa tu na mtoto wa kaka yake, asiulizwe zaidi.

Msimamizi hakufoka. Angefoka ningejua pa kushika. Amesema nimletee hojaji ishirini za kweli Ijumaa saa nne asubuhi, la sivyo jina langu halimo. Nimeona aibu, tena aibu ya kweli. Nikamfikiria mama na gauni lake.

Jumatano, 12 Juni
Siku mbili nimesimama kwenye milango ya mafundi. Nimepata kumi na moja. Wanane walinifukuza, mmoja alidhani mimi ndiye fundi na kunidai suruali.

Leo nimemhoji mzee mmoja, fundi bomba. Anasubiri shati mwezi wa nne sasa. Nikamuuliza kwa nini haendi kwingine. Akasema mke wake alipofariki, suti yake ya kuvaa mazishini ilikuwa tayari kwa wakati. Siku hiyo tu fundi hakuchelewa. Sikujua nitazame wapi. Nikaandika neno kwa neno. Jibu lake limeipita mbali namba 14 yangu, na inaniuma kukiri.

Alhamisi, 13 Juni
Mvua tangu asubuhi. Hakuna aliyekuja kuchukua nguo. Bado tisa.

Msomi amejitolea kunisindikiza kesho mapema. Anasema watu huwapitia mafundi wakienda kazini, tisa tutawapata ndani ya saa mbili. Ameniazima hata mwavuli wake. Nimemshukuru kwa moyo wote.

Alipotoka kwenda kuoga nikakaa kitandani na kalamu zangu. Makosa ya mara ya kwanza sasa nayajua: jinsia, umri na chai. Safari hii chai ni kijiko kimoja tu, na namba 12 ni mwanamke, miaka hamsini na minane, mwepesi wa kulia. Nimeshampigia shangazi simu asiondoke mjini wiki ijayo.